Mbegu za Mafuta kwa Mvua ya Kainuk: Kinachowezekana, na Hasara Inamwangukia Nani

Bei ya mafuta ya kupikia ilipopanda mwaka 2022, swali la mbegu za mafuta lilitoka katika ofisi za wizara likaingia sokoni. Vita vya Ukraine vilivuruga biashara ya alizeti duniani. Tarehe 28 Aprili mwaka huo Indonesia ikazuia mawese yake kuuzwa nje, na haikufungua tena hadi 23 Mei. Kenya huagiza sehemu kubwa mno ya mafuta inayotumia, mengi yakiwa mawese ya Indonesia na Malaysia, kwa hiyo mtikisiko huo ulifika hadi kwenye vibanda vinavyouza mafuta ya kupima kwa kikombe. Tangu hapo wito umekuwa mmoja: tupande alizeti, tupande ufuta, na kaunti kame zisiachwe nyuma.

Kusini mwa Turkana, katika ukanda wa Kainuk, wito huo umezaa maneno yanayogongana. Mkulima anaambiwa kwamba alizeti haitaki maji mengi. Mwingine anamwambia kwamba Turkana ni jangwa, na kulima bila mfereji ni kuzika mbegu. Wa tatu anamletea habari za wanunuzi wa mbarika wanaotafuta ardhi ambayo haifai kwa chakula. Wa nne anamkumbusha kwamba baba yake aliishi kwa mbuzi na ngamia, si kwa jembe. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Vipande hivyo vikichanganywa bila kupimwa, familia inapoteza msimu mzima, na katika nchi hii msimu mmoja unaweza kuamua kama watoto watakula hadi mvua nyingine.

Kainuk si Lodwar

Mkanganyiko wa kwanza unatokana na ramani. Turkana ina eneo la karibu kilomita mraba 70,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976, lakini hutajwa kana kwamba ni shamba moja. Lodwar hupata kiasi cha milimita 200 za mvua kwa mwaka, na joto la mchana hukaa jirani na nyuzi 35 karibu mwaka mzima. Kakuma, kando ya laga (mto wa msimu) ya Tarach, hupata zaidi kidogo, ila mvua yake huja kwa vishindo vichache vinavyofurika na kupita.

Kainuk iko kusini kabisa, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, mpakani na Pokot Magharibi. Juu yake kuna milima, na milima huvuta mawingu. Katika miaka mizuri hupata mara mbili ya mvua ya Lodwar, pengine zaidi. Mto Malmalte huteremka hapo kutoka upande wa Cherang'ani. Mto Turkwel nao hupita baada ya kuzuiwa na bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991 kwa ajili ya umeme. Kaputir, Kalemngorok, Nakwamoru na Katilu ziko katika ukanda huohuo.

Kwa hiyo tuondoe swali moja mezani mapema. Kupanda zao la mafuta Lodwar au Kakuma kwa kutegemea mvua inayoanguka juu ya shamba lenyewe hakufai, na hakuna mbegu itakayolibadilisha hilo. Mjadala wa kweli unahusu ukanda wa Kainuk, pamoja na sehemu za Kakuma na Lodwar ambako maji ya mafuriko yanaweza kukamatwa.

Mvua kama mmea unavyoihesabu

Watu hubishana kuhusu milimita za mwaka. Mmea unaishi kwa siku zinazopita kati ya mvua na mvua, na hapo ndipo mazao ya mafuta ya nchi kame hufa.

Chukua udongo wa kichanga wenye tifutifu kiasi, ambao hushika takriban milimita 100 za maji katika kila mita ya kina. Ufuta mchanga ambao mizizi yake imefika sentimita 60 una akiba ya milimita 60, na nusu tu ya hiyo ndiyo mmea unaweza kuivuta bila kuanza kuteseka. Katika joto la Turkana, shamba lililofunikwa na majani hutumia milimita 6 hivi kwa siku. Akiba inakwisha kwa siku tano. Siku ya sita majani yanajikunja, na ikiwa ni wakati wa maua, maua yanadondoka. Alizeti yenye mizizi ya mita moja na nusu ina akiba mara mbili na nusu ya hiyo, yaani siku kumi na mbili hivi kabla ya kuumia.

Hesabu hii ndiyo inayowafanya wengi waseme alizeti ni zao la ukame. Kuna jambo limeachwa nje. Mzizi mrefu hauna faida ikiwa maji hayakufika huko chini. Mvua za Turkana hupiga kwa nguvu juu ya udongo mtupu. Matone huvunja chembe za udongo, uso unaganda gamba, na sehemu kubwa ya maji hukimbilia laga. Dhoruba ya milimita 25 inaweza kulowesha kina cha sentimita 20 tu. Hapo mzizi wa mita moja na nusu unakutana na vumbi, na alizeti inakauka siku moja na ufuta.

Sifa ya kustahimili ukame nayo inahitaji kufafanuliwa, kwa sababu hutumiwa kuuza mbegu. Kuna mmea unaoukimbia ukame kwa kukomaa haraka, kuna unaochimba kina, na kuna unaobaki kijani huku ukisubiri. Huyu wa mwisho huwadanganya wengi. Mbarika unaweza kubaki hai miezi mingi bila mvua, lakini kubaki hai na kujaza mbegu mafuta ni mambo mawili. Mmea uliobanwa na kiu wakati wa kujaza mbegu hutoa mbegu chache, nyepesi, zenye ganda kubwa kuliko kiini.

Ufuta, na sababu za kuupa nafasi

Kati ya mazao yote, ufuta, ambao sokoni Kakuma huitwa simsim, ndio unaostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi. Hukomaa kwa siku 90 hadi 120. Karibu nusu ya uzito wa mbegu yake ni mafuta. Huvumilia joto kali, na huchukia maji yaliyotuama kuliko unavyochukia kiu. Ekari moja huhitaji kiasi cha kilo mbili za mbegu, ambayo mkulima anaweza kuihifadhi mwenyewe kutoka msimu uliopita.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mvua ya kwanza Kainuk mara nyingi hudanganya: hunyesha, mbegu inaota, kisha wiki tatu kavu zinafuata. Aliyepanda ufuta anapoteza kilo mbili na anaweza kurudia. Aliyepanda karanga amefukia kilo 40 hivi kwa ekari, za chakula ambacho watoto wangeweza kula, na hana nyingine.

Ndege hawausumbui sana ufuta, kwa kuwa mbegu zimefungwa ndani ya vitumba. Kwa akina mama wa Turkana ambao hushinda mashambani wiki kadhaa wakifukuza kwelea kwelea kwenye mtama, huo ni unafuu halisi wa nguvu na muda.

Udhaifu wake hautajwi mara nyingi kwenye mikutano. Mbegu ni ndogo mno: elfu moja zina uzito wa gramu tatu hivi. Haiwezi kusukuma gamba la udongo ulioganda, na ikifukiwa zaidi ya sentimita tatu haitoki. Mche wake hukua polepole wiki nne za mwanzo, kwa hiyo magugu huushinda usipopaliliwa kwa wakati. Wakati huohuo mtama nao unataka jembe, na mikono ni ileile, kwa kawaida ya mwanamke ambaye pia anachota maji na kutafuta kuni. Mavuno yana hila yake. Vitumba vikikauka hupasuka na kumwaga mbegu ardhini. Inabidi kukata mashina yakiwa bado ya rangi ya manjano, kuyafunga mafungu, kuyasimamisha juu ya turubai hadi yakauke, kisha kuyapindua na kuyakung'uta. Ukichelewa siku nne au tano, sehemu kubwa ya jasho lako inabaki mchangani.

Mavuno ya wakulima wadogo wa Afrika wanaotegemea mvua mara nyingi ni kati ya kilo 300 na 500 kwa hekta. Wanaotaja Gedaref nchini Sudan au Humera nchini Ethiopia kama ushahidi kwamba ufuta ni zao la nchi kame wako sahihi kwa nusu. Huko mvua ni nyingi kuliko ya Kainuk, na udongo ni mfinyanzi mweusi unaohifadhi maji kwa wiki nyingi. Mfano wa karibu zaidi ni Karamoja na Acholi ng'ambo ya mpaka, ambako simsim ni zao la nyumbani, lakini nako mvua ni nyingi kuliko hapa.

Alizeti, karanga na mbarika

Alizeti inajulikana, mbegu yake inapatikana Kitale, na mbinu zake ni rahisi kufundisha. Hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, na mbegu ina mafuta ya asilimia 38 hadi 45. Hata hivyo wiki tatu za kuzunguka kipindi cha maua zisipopata maji, kichwa hujaa mapepe. Ndege nao hukipenda kichwa hicho kilicho wazi. Katika eneo lenye mashamba machache yaliyotawanyika, ndege wote wa jirani hukusanyika kwenye shamba moja. Alizeti hulindwa na wingi: ekari mia moja pamoja hupoteza kidogo kwa kila mmoja, ekari moja hupoteza karibu yote. Kainuk leo ni nchi ya ekari moja moja.

Karanga zinapenda mchanga mwepesi, na mchanga upo. Zinaliwa bila kinu, zinaongeza rutuba, na majani yake ni lishe ya mbuzi. Tatizo ni ukame wa mwisho wa msimu, wakati maganda yanapojaa chini ya ardhi yenye joto. Hapo kuvu wa sumukuvu hushamiri. Kenya haina haja ya kukumbushwa: mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika maeneo ya Makueni na Kitui. Karanga za kuliwa nyumbani, zilizokaushwa vizuri na kuchambuliwa kwa mkono, ni sawa. Karanga za kukusanywa kwa magunia na kusubiri lori katika ghala la mabati ni hatari kwa afya.

Mbarika ndio unaoleta wawekezaji. Kabla yake ulikuja mbono. Kati ya 2006 na 2009 mbono ulitangazwa kama zao la dizeli litakalostawi penye ardhi mbaya. Desemba 2009 ikatoka tathmini ya mashambani nchini Kenya iliyoandaliwa na Endelevu Energy pamoja na Kituo cha Kilimo Mseto Duniani na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI. Matokeo yalikuwa baridi: mavuno madogo sana, hasara kwa mkulima, na ushauri kwamba mbono upandwe kama ua tu. Kisha ikaja zamu ya mbarika. Kampuni ya Eni ya Italia ilitia saini makubaliano na serikali ya Kenya mwaka 2021, ikafungua kinu Makueni mwaka 2022, na mafuta ya kwanza yakasafirishwa hadi kiwanda chake cha Gela mwaka huohuo. Mwaka 2024 shirika la Transport & Environment likachapisha ripoti yenye malalamiko ya wakulima kuhusu mavuno duni ya mbarika.

Kwa Turkana kuna sababu nyingine inayotosha peke yake. Mbegu ya mbarika ina risini, sumu kali, na mashudu yake hayalishwi mifugo bila kusafishwa kiwandani. Katika nchi ambako mbuzi hupita kila mahali na ukame huwafanya wale wasichokula siku nyingine, zao la namna hiyo linamwekea mfugaji hatari katika njia ya mifugo yake. Mashudu ya ufuta na alizeti ni kinyume chake: yana protini nyingi, na mbuzi wa maziwa akiyapata wakati wa kiangazi, familia inayaona kwenye kibuyu.

Hoja tatu zinazoshindana

Hoja ya kwanza ni ya wanaosema tupande sasa. Nguvu yake ni kwamba njaa ya mafuta ni ya kweli. Mafuta ya kula yamekuwa sehemu ya mgao wa chakula cha msaada Kakuma tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, na mgao huo umepunguzwa mara kadhaa miaka ya karibuni. Kuna wanunuzi pia: miongoni mwa wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Somalia, ufuta si kitu kigeni, na baadhi yao wamekua wakila rojo la simsim au mafuta yake. Udhaifu wa hoja hii ni kuhesabu msimu mzuri na kunyamazia mbaya. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo ilifeli kaskazini mwa Kenya. Kabla ya hapo, mwaka 2020, nzige wa jangwani walishambulia Turkana. Mpango wowote unaoonyesha faida kwa mwaka wenye mvua ya kutosha bila kusema kitakachotokea miaka mibaya haujakamilika.

Hoja ya pili inasema tusubiri umwagiliaji. Mradi wa Katilu na mingine kando ya Turkwel ina historia inayorudi miaka ya 1960, na Turkwel bado inapita. Penye mfereji, mbegu za mafuta hutoa mara mbili au tatu ya mavuno ya mvua. Lakini penye mfereji pia kuna mahindi, mboga na ndizi, ambazo hulipa zaidi kwa kila lita ya maji. Kumwagilia alizeti wakati Lodwar inanunua nyanya kutoka Kitale ni kutumia maji ghali kwa zao la bei nafuu. Miradi mikubwa nayo imekufa mara nyingi wafadhili walipoondoka. Norway, iliyokuwa imewekeza sana Turkana, iliondoka baada ya uhusiano wake na serikali ya Kenya kuvunjika mwaka 1990. Hata matumaini ya maji ya chini ya ardhi yaliyotangazwa Lotikipi mwaka 2013 yalififia maji yalipopimwa na kukutwa na chumvi nyingi.

Hoja ya tatu ni ya wanaosema tuache mifugo ifanye kazi yake. Mvua ya Turkana huanguka hapa ikaruka pale. Mbuzi na ngamia huifuata, shamba haliwezi. Mfugaji anayehama anageuza majani ya mahali kumi kuwa maziwa, na ndiyo maana jamii hii imeishi karne nyingi mahali ambapo wakulima wangekufa. Hoja hii ndiyo yenye mizizi zaidi, na wanaoipuuza hawaijui Turkana. Udhaifu wake ni kwamba familia nyingi za Kainuk na Katilu tayari zimepoteza mifugo kwa ukame na uvamizi, na haziwezi kurudi kwenye ufugaji wa kuhama kwa kuambiwa tu. Kwao shamba ndilo lililobaki. Vilevile Waturkana wenyewe hulima: mtama hupandwa na wanawake kwenye mabonde ya Turkwel na Kerio wakati wa akiporo, msimu wa mvua, bila mtu wa nje kuwafundisha.

Maji yanayoteremka

Mtama huo wa akina mama una funzo ambalo hoja zote tatu hulipita. Wao hawategemei mvua ya juu ya shamba. Hupanda pale maji ya mlimani yanapotulia, penye udongo wa mafuriko ulioloweshwa kwa kina.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mvua ya milimita 20 imenyesha juu ya shamba na juu ya mteremko mtupu wenye ukubwa mara tatu ya shamba. Ikiwa theluthi moja ya maji ya mteremko itakimbia na kukingwa shambani, shamba linapata milimita 20 zake pamoja na 20 nyingine, jumla 40. Dhoruba ambayo ingelowesha juujuu tu sasa inashuka chini, na mzizi wa alizeti unapata kazi ya kufanya. Gamba la udongo, adui wa ufuta shambani, linakuwa rafiki kwenye mteremko kwa sababu linasukuma maji.

Jambo hili lilijaribiwa Turkana kaskazini, upande wa Lokitaung, katika miaka ya 1980 baada ya ukame mkali wa mwanzo wa mwongo huo. Matuta makubwa ya kukinga maji yenye umbo la trapeza yalijengwa, mtama ukapandwa ndani yake, na kitabu cha mwongozo cha FAO cha mwaka 1991 kuhusu uvunaji maji kikayaeleza. Yaliyojengwa kwa malipo ya chakula mara nyingi yaliachwa chakula kilipokoma. Yaliyodumu zaidi yalikuwa madogo, ya watu waliochagua mahali wenyewe na kuyarekebisha kila baada ya mafuriko.

Gharama yake ni udongo unaobebwa kwa mikono. Tuta likivunjika usiku wa dhoruba, maji huondoka na mbegu na udongo wa juu pamoja. Ufuta nao haupendi miguu yake kukaa majini, kwa hiyo unafaa kingo za juu za kinga, mtama ukae chini penye unyevu mwingi. Kwa sababu hii zao la mafuta Kainuk linapaswa kuwa zao la pili ndani ya shamba la mtama, likichukua robo ya nafasi, na lisiwe badala yake. Mtama ukifeli familia inalala njaa. Ufuta ukifeli inakosa fedha. Hasara hizi mbili hazilingani, na mshauri anayezichanganya anacheza na maisha ya wengine.

Mawese, lori na kinu

Hata mavuno yakipatikana, bei haiamuliwi Kainuk. Hekta moja ya michikichi Asia hutoa kiasi cha tani tatu na nusu za mafuta kwa mwaka. Hekta ya alizeti inayotegemea mvua, ikitoa kilo 700 za mbegu, ina mafuta ya kilo 300 hivi. Hakuna ruzuku itakayoziba pengo hilo kwa muda mrefu. Tanzania imeliona: wakulima wa Singida na Dodoma walihimizwa kupanua alizeti, ushuru wa mafuta ya nje ulipolegezwa katika mwaka wa fedha wa 2022/23 bei ya mbegu ikaporomoka, wakabaki na magunia.

Kinu kidogo cha mkono nacho kina mipaka. Kile kilichobuniwa Tanzania miaka ya 1980, ambacho baadaye kilisambazwa Kenya kwa jina la Mafuta Mali, hutoa lita moja kwa kilo nne au tano za alizeti yenye ganda laini, na mafuta mengi hubaki kwenye mashudu. Kinafaa familia na kikundi cha akina mama, hasa mashudu yakiingia zizini. Hakiwezi kushindana na mafuta ya Mombasa kwa bei ya lita.

Ufuta una njia tofauti, na ni njia ya zamani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa walikuwa wakinunua ufuta pwani ya Afrika Mashariki na kuupeleka Marseille. Lamu na Zanzibar zilikuwa na vinu vilivyozungushwa na ngamia. Leo bado ufuta huuzwa kama mbegu, bei yake kwa kilo iko juu ya alizeti, na gunia moja lina thamani ya kubeba nauli ya barabara ndefu. Kwa mahali palipo mbali na kiwanda, zao lenye thamani kubwa katika uzito mdogo ndilo lenye mantiki. Tena soko la Kakuma liko kwenye barabara hiyohiyo, upande wa kaskazini.

Shamba linahitaji mtu wa kukaa

Kuna kizuizi ambacho hakitatuliwi na mbegu wala tuta. Ukanda wa Kainuk umeishi kwa miaka mingi na uvamizi wa wizi wa mifugo kati ya Waturkana na Wapokot. Februari 2023 serikali ilitangaza maeneo ya kaunti sita, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, kuwa yenye vurugu na hatari, na wanajeshi wakapelekwa. Zao la siku mia moja linahitaji watu wanaoweza kulala karibu na shamba siku mia moja. Ufuta unaotaka kuvunwa ndani ya siku nne haumsubiri mtu aliyekimbilia kituoni. Shamba lililo mbali na makazi, hata likiwa na udongo bora, kwa sasa si shamba.

Ardhi nayo ni ya jamii, chini ya sheria ya mwaka 2016. Mabonde mazuri yanayopokea maji ndiyo malisho ya kiangazi, na penye mito mikubwa miti ya kingoni ina wenyewe kwa utaratibu wa ekwar. Kuligeuza bonde kuwa shamba la mafuta bila baraza la wazee na wafugaji kukubali kutazaa ugomvi mpya mahali ambapo wa zamani haujaisha.

Mizani

Kwa Kainuk, ninaona ufuta unastahili kupandwa, kwa sehemu ndogo, kwenye maji yaliyokingwa, karibu na makazi, baada ya mtama kupata nafasi yake. Alizeti ibaki kwenye udongo wenye kina kando ya Malmalte na Turkwel, na kwa vikundi vinavyopanda pamoja. Karanga ziwe za nyumbani. Mbarika usiingie kwenye njia za mifugo. Katika maeneo ya Lodwar na Kakuma, kuna mafuta mengine yasiyopandwa: jamii ya mijunju, ambayo Waturkana huiita ebei, elamach na eroronyit, tayari inaliwa, na kiini cha mjunju kina mafuta yasiyopungua theluthi moja ya uzito wake. Miti hiyo imevuka kila ukame tuliotaja hapa. Utafiti wa kuikamua vizuri ungegharimu sehemu ndogo ya fedha zinazotumika kugawa mbegu za alizeti mahali zisipoota.

Linalobaki ni nani abebe hasara, na hapa siasa inahusika. Mbegu za mkopo zinapofeli, mkopo hubaki kwa mkulima wakati mvua ndiyo iliyoshindwa. Haihitajiki kuwa hivyo. Kuanzia 2015 mpango wa serikali wa bima ya mifugo, ulioanzia Turkana na Wajir, uliwalipa wafugaji pale picha za setilaiti zilipoonyesha kwamba malisho yamekauka, bila kuhesabu mizoga. Mamlaka ya ukame, NDMA, hutoa taarifa ya hali ya kaunti kila mwezi. Vyombo vya kupima vipo. Kaunti au mnunuzi anayetaka ufuta wa Kainuk anaweza kuandika kwenye mkataba kwamba mvua ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa katika wiki za maua, deni la mbegu linafutwa. Asiyekubali kuandika hivyo anamtaka mwanamke mwenye mbuzi watano akopeshe mradi wake mtaji.